Chagua Visikizio kwa Masikio, Si kwa Macho

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Walimkusudia mtu mkaidi asiyekubali kuonywa. Lakini hivi karibuni methali hiyo ilinijia kwa maana yake ya wazi kabisa: sikio lenyewe, lile lililoota kichwani, ambalo laweza kufa polepole huku mwenyewe akiburudika kwa muziki.

Jirani yangu, mwendesha mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar es Salaam, alinijia jioni pamoja na mkewe na kijana wao wa miaka 14. Walikuwa wakijiandaa kwenda Mwanza kwa basi kumtazama mama yake mzazi. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,100, na mtu huanza alfajiri akafika usiku amechoka.

“Jirani,” akasema, “kesho twaenda Kariakoo kununua hedifoni za safari. Kila mtu hapa ana lake. Mimi nataka za muziki. Mama huyu anataka za kuongelea na simu, maana wateja wake wa vitenge hawampi nafasi hata akiwa njiani. Na huyu bwana mdogo anataka za gemu. Fedha si nyingi. Tushauri.”

Nikamwuliza yeye mwenyewe anapenda za namna gani. “Zenye nguvu,” akanijibu bila kusita, “zinazoweza kuushinda mngurumo wa basi.”

Mkewe akadakia: “Huyu, jirani, hata nikimwita mezani sharti nimwite mara tatu. Asipopata zenye nguvu hatasikia kitu.”

Sote tukacheka. Lakini walipokwisha kuondoka kicheko kile kilinirudia, na safari hii sikuona cha kuchekesha. Nikaamua kwamba kabla hawajakwenda dukani ingefaa tuzungumze kwa makini zaidi. Mazungumzo hayo ndiyo ninayokuletea leo, ndugu msomaji, kwa kuwa naamini nyumba yao ni moja katika nyingi.

Katika safu hii tutaviita vyombo hivyo visikizio. Vijana huviita hedifoni au iyafoni, na wengine husema spika za masikioni. Majina ni mengi lakini kazi ni ile ile, yaani kuchukua sauti ambayo ingejaza chumba kizima na kuimimina katika tundu la sikio la mtu mmoja. Wala si chombo cha jana. Mwaka 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin aliviunda vyake jikoni mwake, katika jimbo la Utah, akaviuza kwa jeshi la majini la nchi yake ili wapokeaji wa simu za upepo waweze kuzinasa ishara hafifu. Angalia hekima iliyomo humo. Tangu mwanzo visikizio vizuri vilitakiwa kumwezesha mtu asikie kitu kidogo. Havikutakiwa kumpigia kitu kikubwa.

Kwa nini jambo hili ni zito? Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojiviringa kama kombe la konokono. Humo binadamu huzaliwa na chembe hai zenye vinyweleo zipatazo 15,000 hivi katika kila sikio, na ndizo zinazougeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari za kupelekwa kwenye ubongo. Sauti kubwa huzilaza chembe hizo kama upepo unavyolaza mpunga. Upepo ukiwa mdogo, mpunga husimama tena. Ukiwa mkali, au ukivuma muda mrefu, hauinuki. Lakini mkulima ana msimu mwingine wa kupanda, na sikio halina. Kwa binadamu chembe hizo zikishakufa haziotи upya.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, kwa kushirikiana na shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mawasiliano ya simu, lilitangaza kiwango cha usikilizaji salama. Kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, lakini hazihesabiwi kama tunavyohesabu shilingi. Kila zinapoongezeka 3, nguvu inayoingia sikioni huwa maradufu, na muda salama hupungua nusu. Kwa hiyo ukipandisha hadi 83, saa zako 40 zinakuwa 20. Ukifika 86 zinakuwa 10, na 89 zinakuwa 5. Endelea hivyo hivyo mpaka 101, utakuta zimebaki dakika 19 hivi, nazo ni za wiki nzima. Simu nyingi zikiunganishwa na visikizio vyake huweza kukaribia au kupita desibeli 100 sauti ikifikishwa mwisho. Basi yule anayepanda gari pale Mbezi na kufungulia sauti yote huwa amekwisha kuitumia haki ya sikio lake ya wiki nzima kabla hajafika Kibaha.

Sasa mfikirie mfanyakazi kama jirani yangu. Kiwango kinachotumika katika nchi nyingi kuwalinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na vyumba vya kufumia nguo ni miongoni mwa mahali penye kelele nyingi kuliko viwanda vingine. Mtu huyo anapotoka zamu na kuvaa visikizio ndani ya daladala, yeye huona kwamba kazi imekwisha na starehe imeanza. Sikio halijui tofauti hiyo. Halina daftari moja la kelele za kazini na jingine la muziki wa nyumbani. Lina daftari moja tu, na deni lote huandikwa humo.

Nilipofika hapo nilimwita jirani yangu kando nikamwuliza kwa sauti ya chini: “Usiku, baada ya zamu, husikii mlio wowote masikioni?”

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, “Kama nyenje. Nilidhani ni uchovu.”

“Na vile vizuia kelele mlivyopewa kazini?”

“Vimo kabatini. Nikivivaa siwezi kusikiliza redio. Hivyo huvaa hedifoni za zamani, nikapandisha sauti mpaka mashine nisizisikie.”

Ndugu msomaji, hapo nikaelewa kwa nini mkewe humwita mara tatu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na katika habari hii mwajiri alikwisha kuvitoa. Aliyekuwa akilidhulumu sikio ni mwenye sikio. Visikizio vya muziki havichukui nafasi ya vizuia kelele. Ukiviwekea sauti ya kuushinda mtambo, huwa umeongeza mtambo wa pili, nao umo ndani ya kichwa chako.

Tukarudi kwa wenzetu, tukaanza kuchambua. Wanunuzi wengi huuliza, “Hivi vina nguvu kiasi gani?” Swali linalofaa ni hili: “Hivi vinazuia kelele za nje kiasi gani?” Sababu yake ni nyepesi. Mtu huweka sauti yake juu ya kelele inayomzunguka. Injini ya basi ikinguruma chini ya kiti, naye akawa na visikizio visivyoziba, atapandisha muziki mpaka uushinde mngurumo. Mngurumo ukizuiwa mlangoni, muziki ule ule utasikika vizuri kwa sauti ndogo.

Kwa mizani hiyo, tuvipime visikizio vya namna tatu vilivyozoeleka madukani.

Namna ya kwanza ni vile vigumu vinavyokaa mlangoni mwa sikio bila kuingia ndani. Ni vyepesi, havichoshi, na humwacha mtu akisikia mambo ya nje. Nyumbani penye utulivu vinafaa. Ndani ya basi vitakushawishi kuongeza sauti kila kilima kinapopandwa.

Namna ya pili ni vile vyenye vifuniko laini vya mpira vinavyoziba tundu la sikio. Hivi huzuia kelele nyingi ijapokuwa ni vidogo na bei yake si kubwa. Siri yake imo katika ule mpira. Aghalabu hutoka kiwandani vikiwa na saizi tatu, lakini wanunuzi wengi hutumia ile iliyokuja imevalishwa na kuzitupa nyingine. Kosa! Mpira ukiwa mdogo, besi hupotea na kelele huingia, nawe hulaumu chombo na kupandisha sauti. Ukiwa umekaa sawasawa, sauti yako mwenyewe unapozungumza huvuma kama uliyeingiza kichwa mtungini. Wala usishangae saizi ya sikio la kulia ikitofautiana na ya kushoto. Mipira hiyo ioshwe mara kwa mara na kukaushwa vizuri, na kila mtu awe na yake, kwa sababu uchafu na maradhi ya sikio huweza kuhama nayo.

Namna ya tatu ni vile vikubwa vinavyofunika sikio lote kwa mto laini. Vikiwa na mgongo uliofungwa huzuia kelele vizuri na haviingizi kitu tunduni. Lakini vina uzito, hutoa jasho katika joto letu la Pwani, na huchukua nafasi katika mkoba. Mwenye miwani ajaribu akiwa ameivaa, kwani mikono ya miwani huacha upenyo.

Katika namna hizi mbili za mwisho kuna vinavyoongezewa ufundi wa kufuta kelele. Wazo la kuutumia ufundi huo kwa wasafiri lilimkaa moyoni Amar Bose mwaka 1978, akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston, alipoudhiwa na ngurumo za injini zilizoumeza muziki wake. Maikrofoni ndogo husikiliza kelele ya nje, kisha chombo hutoa sauti iliyo kinyume chake, nazo mbili zikikutana huuana. Ufundi huu hufanya kazi vizuri zaidi kwa mngurumo mzito wa mfululizo, kama wa injini ya basi au boti. Hauwezi sana kilio cha mtoto, honi, au maongezi ya abiria wa kiti cha nyuma. Huongeza bei na hula betri. Mwenye uwezo hatajuta, lakini asiye nao asione kwamba ameonewa. Mpira wa saizi sahihi humpa sehemu kubwa ya faida hiyo bila umeme wowote.

Baada ya hapo tukatazama haja ya kila mmoja.

Tulianza na mama, kwa kuwa yeye simu ni riziki yake. Watu hununua visikizio vya kupigia simu kwa kusikiliza jinsi wao wanavyosikia. Katika simu lililo kubwa ni jinsi mwenzako anavyokusikia wewe. Maikrofoni ya visikizio vya waya huning'inia karibu na kidevu, jambo ambalo ni jema, ila huweza kukwaruzana na kanga au ukosi. Maikrofoni ya vile visivyo na waya hukaa kando ya sikio, mbali na mdomo, na hunasa upepo wa dirishani. Kwa hiyo njia ya kuvijaribu ni kumpigia mtu mwenye kusema kweli, ukiwa umesimama penye kelele za barabara, na kumwuliza: “Wanisikia vipi?” Jibu lake lina thamani kuliko maandishi yote ya kwenye boksi. Nikamshauri pia avae upande mmoja tu awapo kituoni, ili sikio la pili libaki na mizigo yake na matangazo ya utingo.

Kisha tukamgeukia kijana. Yeye alikuwa amekwisha kuvipenda vile visivyo na waya, vya rangi ya fedha, alivyoviona kwa mwenzake shuleni. Nikamwuliza kama amewahi kusimama mwisho mmoja wa uwanja wa mpira, na mtu akapiga ngoma mwisho wa pili. Akasema ndiyo, mkono huonekana umekwisha kushuka ndipo mlio unafika. “Basi,” nikamwambia, “ndivyo gemu lako litakavyokuwa.”

Sababu yake ni hii. Katika visikizio vinavyotumia Bluetooth, sauti hufungashwa na simu, hurushwa hewani, hupokewa, hukusanywa kidogo ili isikatike, kisha hufunguliwa. Mwendo huo huchukua muda ambao mara nyingi ni kati ya sehemu moja ya kumi na robo ya sekunde. Kwa muziki hakuna hasara, kwani wimbo wote umechelewa kwa pamoja nawe huna habari. Kwa filamu, simu nyingi huichelewesha picha kidogo ili iendane na sauti. Lakini gemu haliwezi kufanya hila hiyo, maana halijui kidole chako kitabonyeza lini. Unapiga mpira, mpira unaingia wavuni, ndipo mlio wa teke unafika. Katika sehemu 2 za kumi za sekunde, sauti iliyo hewani husafiri kiasi cha mita 68. Hivyo mchezaji huwa kama amewekwa mita 68 mbali na mchezo anaoucheza.

Yapo mambo mawili ya kupunguza tatizo hilo. Visikizio vingine visivyo na waya vina hali maalumu ya gemu inayofupisha mwendo huo, na vingine huja na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye mashine. Lakini waya wa kawaida huondoa tatizo lote, kwa bei ndogo. Tena lipo la pili: visikizio vingi vya Bluetooth vikifungua maikrofoni ili mchezaji azungumze na wenzake, sauti yote hushuka na kuwa nyembamba kama ya simu ya mezani. Hata mashine zenyewe hazilingani. Nintendo Switch, iliyotoka mwaka 2017 ikiwa na tundu la waya, ilisubiri hadi Septemba 2021 ndipo ikakubali visikizio vya Bluetooth, na hata hapo haikuzipokea maikrofoni zake. Kwa hiyo mzazi anayetaka kumnunulia mwanawe visikizio vya gemu aulize kwanza gemu lenyewe linachezwa katika chombo gani.

Hapo tukafika kwenye jambo ambalo huwarudisha watu wengi dukani kesho yake wakiwa na hasira, nalo ni tundu. Kwa miaka mingi simu nyingi zilikuwa na tundu la duara la milimita 3.5. Mwaka 2016 kampuni ya Apple iliiondoa nafasi hiyo katika iPhone 7, na watengenezaji wengine wengi wakafuata. Simu nyingi za sasa zina tundu bapa la USB-C pekee, lile lile la kuchajia. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya unalazimisha simu, visikizio na mashine za gemu za kubeba zinazouzwa huko zitumie tundu hilo kwa kuchajia, na jambo hilo huvuta bidhaa za nchi nyingine pia. Kwa hiyo nenda dukani ukiwa na simu yako mkononi. Ukihitaji kiunganishi cha kutoka tundu bapa kwenda la duara, kijaribu hapo hapo, kwani viko vya namna mbili: vyenye kifaa cha kugeuza sauti ndani yake, na vilivyo waya mtupu. Simu nyingine hukataa hivyo vya pili. Na ukumbuke kwamba tundu likiwa moja, huwezi kuchaji na kusikiliza kwa waya kwa wakati mmoja, isipokuwa kwa kiunganishi chenye matawi mawili. Katika safari ya mchana kutwa hilo si jambo dogo.

Visivyo na waya navyo vina hesabu yake. Vile vidogo hudumu saa kati ya 5 na 8 kwa chaji moja, kisha hurudishwa katika kijisanduku chake vijazwe tena. Betri zake ni ndogo mno, huchakaa baada ya miaka michache, na ni vigumu kubadilishwa. Kimoja kikidondoka katika uvungu wa kiti cha basi, huna tena jozi. Waya hukatika, ni kweli, na aghalabu hukatikia pale unapoingia kwenye plagi. Lakini fundi mwenye risasi na subira huweza kuuunga, nawe ukaendelea. Atakayepanda ndege asiviweke visivyo na waya katika begi la kupakiwa chini, bali avichukue mkononi pamoja na betri zake za akiba.

Na dukani je? Hapo ndipo macho hupenda kuamua badala ya masikio. Jina kubwa lililoandikwa kwenye boksi si ushahidi, maana bidhaa za bandia huandikwa majina makubwa kuliko yote. Nenda na wimbo mmoja unaoujua vizuri, wenye mwimbaji, gitaa la besi na ngoma. Usikilize kwa sauti ndogo, wala usikubali muuzaji akufungulie yote, kwa kuwa karibu kila kisikizio huonekana kizuri kikipiga kelele. Kwa sauti ndogo kibaya hujifichua: maneno ya mwimbaji huzama, besi hutoweka. Sikiliza kulia na kushoto kama ziko sawa. Utikise waya karibu na plagi na kusikiliza kama kuna mkwaruzo. Vivae dakika 10 bila kuvitoa, kwani kinachouma kidogo dukani kitauma sana ukifika Dodoma. Kijana acheze gemu lake hapo hapo. Mama apige simu yake. Muuzaji anayekataa hayo yote amekwisha kukuambia habari za mali yake. Rahisi huvunja upishi, lakini hata ghali huvunja, ikiwa mpishi hakuonja.

Baada ya kununua, ingia katika simu na uweke kikomo cha sauti. Simu nyingi za sasa zina mpango huo. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa chombo. Kila baada ya saa moja yapumzishe masikio, hasa gari linaposimama. Na uvivue kabisa unapovuka barabara, unapokuwa juu ya bodaboda, na unapokuwa stendi. Honi hailii mara mbili kwa ajili ya mtu aliyekuwa akisikiliza wimbo.

Sasa nieleze mwisho wa habari ya jirani zangu. Walikwenda Kariakoo, wakakaa dukani karibu saa nzima, na kwa maelezo ya mama muuzaji aliwachoka. Walirudi na jozi mbili za waya, zote zenye mipira ya kuziba tundu na maikrofoni, moja ya mama na moja ya kijana. Zile za rangi ya fedha kijana alizijaribu kwa gemu lake mwenyewe, akazirudisha mezani bila kuambiwa na mtu.

Baba hakununua kitu. Alikuwa ameahirisha ununuzi wake mpaka akapimwe, na siku mbili kabla ya safari alikwenda hospitali kwa daktari wa masikio, pua na koo. Aliporudi alikaa barazani kwangu akanieleza kwa ufupi. Zile sauti nyembamba za juu, ambazo hubeba herufi kama “s” na “f” katika maneno ya watu, zimepungua katika masikio yote mawili. Zilizokwenda hazirudi. Zilizobaki zaweza kutunzwa, kama ataanza sasa.

“Kumbe mama watoto hakuwa akizungumza kwa chini,” akasema. Akatazama miguu yake. “Miaka yote hii nilimwambia hivyo.”

Sikuwa na la kumwongezea. Kesho yake alivitoa vile vizuia kelele kabatini akavivaa zamu nzima. Aliniambia kwamba siku ilikuwa ndefu bila redio, lakini usiku nyenje walipunguza kelele kidogo.

Kuhusu muziki wa safari nilimpa habari moja ya kumfariji. Mwaka 1979, kampuni ya Sony ya Japani ilipotoa Walkman ya kwanza, iliitilia matundu mawili ya visikizio na kitufe cha rangi ya machungwa. Ukikibonyeza, muziki hushuka na maikrofoni ndogo hukuletea sauti ya mwenzako. Wakubwa wa kampuni waliona kwamba si adabu mtu kujifungia peke yake na wimbo mbele ya wenziwe. Watu hawakukitumia sana kitufe kile, na baadaye kiliondolewa. Lakini wazo lake lilikuwa jema, na kila familia inaweza kulirudisha bila kitufe chochote.

Basi walisafiri. Kijana alicheza gemu lake hadi chaji ilipopungua. Mama aliuza vitenge akiwa njiani. Baba aliazima visikizio vya mkewe, akavivalisha mipira yake mwenyewe, akasikiliza saa moja kwa sauti ya nusu, kisha akavirudisha. Sehemu kubwa ya njia, asema, alikaa akitazama mdomo wa mkewe anapozungumza, ili asiombe kurudiwa.

Ndugu msomaji, kama nawe nyumbani huitwa mara tatu, usiwalaumu wanaokuita. Nenda kapimwe kwanza. Visikizio vitakusubiri dukani, tena kila mwaka hutoka vipya. Masikio ni yale yale mawili uliyozaliwa nayo.